Kabla ununue bunduki ya skrubu, hesabu skrubu zako kwanza

Ukitaja Kiganjo na bunduki kwa sentensi moja, watu hufikiria chuo cha polisi. Mimi pia nina hadithi ya bunduki ya Kiganjo, lakini yangu haikuwa na risasi. Ilikuwa na skrubu, na iliishi kwa sekunde kama kumi.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kunishinda, nikaingia kwa mjengo. Kundi letu lilikuwa linafunga silingi za jipsamu kwenye nyumba za kukodisha karibu na barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki. Shangazi yangu aliye Marekani, ambaye kwetu tunamwita tata, aliniuliza nitumiwe nini ili niache kuwa kibarua na niwe fundi. Nilikuwa nimetazama YouTube usiku mzima. Nikamwambia: ile bunduki inayojilisha skrubu yenyewe.

Ilifika ndani ya sanduku zuri, pamoja na mikanda ya skrubu iliyopangwa kama risasi. Jamaa wote wa mjengo walikusanyika. Nikapata plagi ya kuunganisha, nikachomeka kwenye soketi, nikafyatua. Ilipiga kelele kama nguruwe, ikatoa cheche, halafu moshi. Kimya. Kwenye kibandiko, kwa herufi ndogo ambazo sikuwa nimejisumbua kusoma, palikuwa pameandikwa 120V. Stima ya Kenya ni 240V.

Tata alikuwa amefanya zamu za usiku kwa wiki kadhaa kupata zile dola. Nilikaa siku tatu kabla ya kumpigia. Aliponyamaza kwa simu, nilidhani amekata. Kisha akauliza, "Haikukuchoma?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi soma kwanza, halafu ununue."

Hii makala ndiyo kule kusoma. Kama uko kwa kazi ya jipsamu, iwe ni Kiganjo, Chaka, Karatina au Nanyuki, na umeanza kuweka pesa ya hii mashine, kaa chini kidogo. Naweza kukuokolea maelfu.

Kwanza, hii kitu hufanya nini?

Bodi ya jipsamu ni unga mgumu uliobanwa katikati ya karatasi mbili. Nguvu ya skrubu kuishika iko kwenye ile karatasi. Kichwa cha skrubu kinafaa kuzama kidogo tu chini ya uso wa bodi, kiache kidimbwi kidogo cha kujazwa fila, lakini kisiichane karatasi. Kikiichana, skrubu imeshika unga tu, na unga haushiki kitu. Baada ya miezi, silingi inaanza kulegea na mwenye nyumba anaanza kutafuta namba yako ya simu.

Kwa hivyo swali la maana kuhusu mashine yoyote ni moja: inasimama mahali pale pale kila mara?

Drili ya kawaida inaweza, ukiweka biti maalumu ya jipsamu, ile yenye kikombe kinachozuia skrubu isizame sana. Iko polepole, kwa kawaida mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, lakini inafanya kazi. Mafundi wengi wazuri unaowajua wamejenga maisha yao na drili.

Bunduki ya skrubu ya kawaida huzunguka kwa kasi zaidi, 4,000 na kuendelea, na ina pua unayoipima kina mara moja tu. Klachi yake haizungushi biti mpaka uisukume kwenye bodi. Skrubu unaiweka kwa mkono, moja moja.

Inayojilisha ni hiyo hiyo, ila mbele imeongezwa njia ya kupitishia mkanda wa plastiki. Mikanda mingi huwa na skrubu 50. Ukisukuma, inapiga, ukiachilia, inavuta skrubu inayofuata. Mkono wako wa pili uko huru kushika bodi. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye ngazi akiwa ameshikilia bodi kwa kichwa, skrubu mdomoni na drili mkononi, anajua uzuri wa mkono mmoja ulio huru.

Na ile drili inayogonga huku ikizunguka? Iache kwa mabati na mbao. Kwenye jipsamu inachana karatasi kabla hujajua kumetokea nini.

YouTube haijui Nyeri

Hapa ndipo nilipopotea, na ndipo wengi wanapotea. Wale jamaa wa video wengi wako Marekani na Kanada. Kule, nyumba nzima ni jipsamu: kuta za ndani zote, na silingi. Fundi anaingia nyumba moja na kupiga maelfu kwa maelfu ya skrubu, kisha kesho anaingia nyingine. Kwake bunduki inayojilisha si anasa.

Kwetu nyumba ni mawe. Jipsamu iko juu tu, kwenye silingi, na pengine kwa ukuta wa televisheni sebuleni. Isipokuwa unagawanya ofisi au maduka, kazi yako ni robo ya ile ya yule Mmarekani, au chini ya hapo.

Hebu tupige hesabu. Bodi ya kawaida ni mita 1.2 kwa 2.4, yaani karibu mita 2.9 za mraba. Ukipiga skrubu ipasavyo kwenye silingi, kama sentimita 20 hadi 23 kati ya moja na nyingine, bodi itakula kati ya skrubu 35 na 45, kulingana na jinsi umepanga chaneli zako. Tuseme 40.

Nyumba ya silingi ya mita 100 za mraba, ukihesabu vipande vinavyopotea, itataka bodi kama 40. Mara 40, ni skrubu 1,600. Hiyo ndiyo nyumba nzima.

Sasa muda. Nilipima kundi letu kwa simu. Bodi moja kwa drili ilituchukua dakika nne na nusu za kupiga skrubu. Kwa bunduki ya kawaida, dakika tatu. Kwa inayojilisha tuliyoazima, dakika moja na nusu. Kwa hivyo ukitoka kwa drili kwenda kwa inayojilisha unaokoa dakika tatu kwa bodi. Mara bodi 40, ni dakika 120.

Saa mbili. Kwa nyumba nzima, umeokoa saa mbili.

Sikuamini. Nilirudia hesabu mara tatu. Lakini ukiangalia siku yako ya kazi vizuri utaona ukweli: kupiga skrubu ndiyo sehemu fupi. Kupima lebo ya maji, kufunga chaneli, kukata bodi, kuinua, kukata matundu ya taa, kubandika tepu, kupiga fila, kungoja ikauke, kupiga msasa, kurudia. Na kama ni Julai, na ile baridi na manyunyu ya Nyeri, fila hukaa siku nzima ikikuangalia bila kukauka. Huwezi kuifyatulia fila risasi.

Bei ya mkanda ndiyo inaamua

Watu huuliza bunduki ni pesa ngapi. Swali zuri, lakini ni la pili. La kwanza ni: mikanda inauzwa wapi, na bei gani?

Skrubu za kulegea unazipata kila hardware kutoka Kiganjo hadi Nanyuki. Mikanda ni hadithi nyingine. Mara nyingi utaagiza kutoka Nairobi, na siku ikikwisha katikati ya kazi, mashine yako ya bei inageuka kuwa pambo. Halafu skrubu ya mkanda ni ghali kuliko ya kulegea.

Chukua mfano, nambari zangu tu, wewe weka zako. Tuseme kila skrubu ya mkanda inazidi ya kulegea kwa shilingi mbili. Mara 1,600, umeongeza gharama ya 3,200 kwa nyumba. Umeokoa saa mbili. Kama mko watatu na kila mmoja hulipwa 1,500 kwa siku ya saa nane, saa mbili za watu wote watatu ni shilingi 1,125. Umetumia 3,200 kuokoa 1,125. Na bado hatujagusa bei ya mashine yenyewe!

Sasa geuza. Tuseme umepata muuzaji ambaye tofauti ni senti 50 tu kwa skrubu. Hapo umeongeza shilingi 800 na kuokoa 1,125. Mashine imeanza kujilipa, ingawa polepole.

Ndiyo maana nasema hesabu skrubu zako kwanza. Chukua daftari, andika bodi ulizofunga miezi mitatu iliyopita, uzidishe kwa 40. Kisha upige simu tatu za kuulizia mikanda. Ukimaliza hapo, utajua jibu lako kabla ya kuingia dukani.

Kuna kazi ambapo inayojilisha inashinda bila mjadala. Kugawanya ofisi au duka, ambapo ukuta una bodi pande zote mbili, na pengine tabaka mbili kila upande. Hosteli za wanafunzi, kama zile zinazojengwa kule upande wa chuo kikuu cha Dedan Kimathi, ambapo vyumba ni vingi, vyote sawa, na tarehe ya kufungua muhula haingoji mtu. Hapo saa mbili kwa kila mita 100 zinageuka kuwa siku, na siku ni kandarasi nyingine. Na kama bega lako limeanza kukusumbua, hesabu ni tofauti pia. Bega halina duka la vipuri.

Ukiamua kununua, angalia haya

*Stima.* Soma kibandiko. Ya waya iandikwe 220-240V. Ikiandikwa 110V au 120V, usiiguse bila transfoma inayoweza kubeba mzigo wake. Hata ukitumiwa ya betri kutoka Marekani, mashine itafanya kazi lakini chaja za huko nyingi ni za 120V pekee. Mwambie anayekutumia aache chaja, ununue hapa.

*Waya au betri?* Ya waya ni nafuu, nyepesi, na haiishiwi nguvu. Lakini nyumba nyingi tunazoingia bado hazijawekewa stima, na zilizowekewa, stima hupotea. Kama kila mara unaazima jenereta, nenda betri. Kama tayari una drili ya betri ya kampuni fulani, nunua bunduki ya kampuni hiyo hiyo bila betri. Utaokoa pesa nyingi.

*Usidanganywe na namba.* Utaona mashine za bei ya chini zimeandikwa 48V, 88V, hata zaidi. Nyingi ndani zina seli tano zilizopangwa mfululizo, na kila seli ya lithiamu ni karibu volti 3.6. Tano mara 3.6 ni 18. Basi. Hata ile "20V Max" ya Marekani ni 18 hiyo hiyo ikianza kufanya kazi. Si kusema mashine ya bei rahisi haifai. Ni kusema usilipie volti ambazo hazipo.

*Pua inatoka au haitoki?* Hapa kuna aina mbili. Nyingine zimeundwa kujilisha tu, kama Makita DFR550, ambayo huzunguka mara 4,000 kwa dakika na kuchukua skrubu za milimita 25 hadi 55. Nyingine ni bunduki ya kawaida ambayo unaiongezea kichwa cha kujilisha unapotaka, kama DeWalt DCF620 au Bosch GSR 18V-EC TE. Kwa fundi wa kwetu, mimi napendelea hii ya pili. Mkanda ukiisha, unatoa kichwa na kuendelea na skrubu za kulegea kutoka hardware ya jirani. Pia kichwa cha kujilisha ni kinene, hakiingii vizuri kwenye kona na zile ngazi ngazi za silingi ambazo wateja wetu wanazipenda sana.

*Skrubu sahihi.* Kwa chaneli za bati jembamba, tumia skrubu za nyuzi za karibu karibu. Milimita 25 inatosha bodi moja. Kwa mbao, kama silingi nyingi za nyumba za zamani, tumia za nyuzi zilizoachana, na ndefu kidogo. Mikanda ya video za Marekani mara nyingi ni ya mbao. Ukiileta kwa chaneli, itateleza na utalaumu mashine bure. Uliza pia kama mkanda wa kampuni nyingine unaingia. Zingine zinakubali, zingine zinakwama kila skrubu ya tano.

*Biti.* Ya kujilisha hutumia biti ndefu ya aina yake. Ikiisha meno na huna nyingine, umefunga kazi. Nunua tatu siku hiyo hiyo.

Jaribu kabla ya kulipa

Nenda dukani na kipande cha bodi na kipande cha chaneli kwenye begi. Najua utaonekana kituko. Kubali. Muuzaji akikataa ujaribu, mwambie asante, ondoka.

Piga skrubu 20 bila kubadilisha kitu. Pitisha kidole juu ya vichwa vyote. Vinafaa kuwa kina kimoja, karatasi ikiwa nzima. Kimoja kikiwa juu na kingine kimezama, pua haishiki kipimo. Kisha piga ukiwa umeinua mkono juu ya kichwa, si mezani, kwa sababu ndivyo utakavyofanya kazi. Mashine ambayo ni nyepesi mezani inaweza kuwa gunia la viazi juani saa nane mchana. Mwishowe, uliza risiti na dhamana, na uliza nani hurekebisha ikiharibika na yuko mji gani.

Ukishainunua, itunze. Vumbi la jipsamu ndilo adui. Kila jioni ipulize au uipanguse na brashi pale mkanda unapopita. Mikanda iweke kwa sanduku lake. Ukiikunja mfukoni itakwama. Na uvae miwani. Ukiangalia juu huku ukipiga, kila kitu kinakuangukia machoni.

Pesa ya kuinunulia

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Usinunue hii kitu kwa mkopo wa simu. Hustler Fund ilipozinduliwa Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi ulipewa siku 14 za kulipa. Umeona hesabu zetu: hii mashine inaokoa mia chache kwa nyumba, hata mambo yakienda vizuri. Haiwezi kujilipa kwa wiki mbili. Kitu kinachojilipa kwa mwaka hakinunuliwi kwa deni la wiki mbili.

Ngazi yangu ni hii. Ukianza: drili nzuri na biti ya jipsamu, na pesa inayobaki inunue lebo ya leza au ya maji iliyo sahihi, kwa sababu silingi iliyopinda haiokolewi na kasi. Ukipata kazi za kufuatana: bunduki ya kawaida ya betri. Ukipata kandarasi kubwa na muuzaji wa mikanda wa kuaminika: ongeza kichwa cha kujilisha.

Sisi tulifanya hivyo. Baada ya ile aibu ya moshi nilirudi kwa drili karibu mwaka mzima. Kisha nikanunua bunduki ya kawaida, kwa pesa yangu. Kichwa cha kujilisha tumekinunua kama chama, watu wanne. Kina daftari lake: aliye na kazi kubwa hukichukua, hukirudisha kikiwa safi, na huweka kitu kidogo kwenye mfuko wa biti na mikanda. Wiki nyingi kiko ndani ya sanduku. Wiki kikihitajika, kinahitajika kwelikweli.

Jambo moja la mwisho, kwa wewe uliyeacha chuo kama mimi. Nilidhani ile bunduki ndiyo itanipa jina la fundi. Nilitaka kitu cha kushika mkononi watu wakiuliza umesomea nini. Lakini NITA hufanya mitihani ya ufundi kuanzia Gredi ya III hadi ya I, na hawakuulizi diploma. Wanataka kuona mikono yako. Weka kando pesa ya mtihani kabla ya pesa ya mashine. Cheti hakihitaji mikanda kutoka Nairobi.

Ile bunduki iliyoungua bado niko nayo. Iko juu ya kabati, kibandiko kikiangalia nje. Tata alipokuja nyumbani Desemba aliiona, akacheka mpaka akatoa machozi. Kisha akaniuliza kama naweza kumfungia silingi kwa nyumba anayojenga.

Nilipima vyumba kwanza, nikahesabu skrubu. Nikampa bei.